FreeBSD kwenye VPS ya watu wa "Linux tu"

Hii ni tathmini yangu ya kampuni inayokodisha VPS, yaani seva pepe, ambako nimeweka FreeBSD, mfumo endeshi ulio ndugu wa mbali wa Linux. Nianze na nyota: mbili. Moja ya diski, ambayo kweli ina kasi, na moja ya hali ya uokoaji. Huduma kwa wateja haina yake. Kori ngapi, memori kiasi gani, someni wenyewe kwenye tangazo lao.

Kuiweka FreeBSD kwenyewe si kazi. Paneli yao haina FreeBSD kwenye orodha na haipokei ISO (faili la usakinishaji) ya mteja, lakini ina hali ya uokoaji: Linux ndogo inayowaka ndani ya memori huku diski yako imelala haijaguswa. Hiyo inatosha. Unaingia kwa ssh (njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali), unapiga lsblk kujua kama diski inaitwa vda au sda, halafu unavuta faili la VM la FreeBSD, yaani mfumo uliokwisha sakinishwa, lile la raw.xz (chukua la UFS, si la ZFS, kama memori ni finyu), na kulimwaga moja kwa moja kwenye diski:

wget -O- ANWANI_YA_FAILI | xz -dc | dd of=/dev/vda bs=1M

Usilishushe kwanza ndipo ulifungue. Likifunguliwa ni gigabaiti kadhaa, na hapo ulipo kila unachohifadhi kinakula memori. Piga sync, zima uokoaji, washa upya. Partisheni ya mwisho inajitanua yenyewe ikiwaka mara ya kwanza. Kwenye konsoli ya VNC, yaani skrini ya mashine ndani ya kivinjari, unaingia kama root (msimamizi mkuu) bila nenosiri, kwa hiyo passwd ndiyo iwe amri yako ya kwanza. sshd, inayopokea ssh, imezimwa, na hata ukiiwasha haimkubali root. Tengeneza mtumiaji, mtie kundi la wheel, la wanaoruhusiwa kugeuka root.

Mpaka hapo ningewapa nyota nne bila kinyongo.

Sasa mtandao. Wanakupa anwani yenye barakoa (netmask) ya 255.255.255.255, yaani mtandao wako ni wewe peke yako, na lango la kutokea nje (gateway) liko kwenye anwani za ukoo mwingine kabisa. Chukua mfano: wewe ni 203.0.113.10, lango ni 198.51.100.1. Ukiandika defaultrouter, mstari wa kutaja lango, kama kawaida, FreeBSD inakujibu "Network is unreachable", na ina haki. Umeiambia ipitie kwa jirani ambaye haijawahi kuonyeshwa nyumba yake.

Nikafungua tiketi. Swali moja tu: je, lango linafikiwa moja kwa moja kwenye waya uleule, ndiyo au hapana? Jibu: "Tunahudumia Linux tu, tafadhali sakinisha Ubuntu." Nikauliza tena, kwa adabu zaidi. Nikajibiwa kwamba mfumo wangu una hitilafu, na tiketi ikafungwa. Ikafungwa! Kilichonichoma ni kwamba jibu walikuwa nalo wao wenyewe. Ubuntu yao ukiifungua, ndani ya /etc/netplan, penye mipangilio ya mtandao, kuna mstari umeandikwa on-link: true. Maana yake ni hiyohiyo: lango liko nje ya mtandao wako, lakini lipo hapo mlangoni, lipigie hodi tu. Yaani Linux yao nayo isingetoka bila kubebwa mgongoni, halafu mgonjwa ni FreeBSD?

Dawa yake hii hapa, ndani ya /etc/rc.conf, faili la mipangilio ya FreeBSD (vtnet0 ni kadi ya mtandao):

ifconfig_vtnet0="inet 203.0.113.10 netmask 255.255.255.255"
static_routes="lango nje"
route_lango="-host 198.51.100.1 -interface vtnet0"
route_nje="default 198.51.100.1"

Mpangilio wa majina kwenye static_routes usiugeuze, kwa sababu njia ya lango lazima itangulie. Futa defaultrouter. Weka nameserver, seva ya kutafsiri majina ya tovuti, kwenye /etc/resolv.conf. Na kwa kuwa VNC yao haikubali kubandika maandishi, utayachapa yote haya kwa mkono, na alama za nukuu zinaweza kutokea nyingine kabisa kama kibodi haijapatana nayo. Piga cat /etc/rc.conf kabla ya kuwasha upya. Nukuu moja ikikosa mwenzake, mashine itakutupa kwenye hali ya mtumiaji mmoja na diski ya kusoma tu. Hapo ni mount -u -o rw / kisha urekebishe.

Ukitumia pf, ukuta wa moto wa FreeBSD, kugawa mtandao kwa NAT (mashine kadhaa kutoka kwa anwani moja), ongeza hw.vtnet.csum_disable=1 kwenye /boot/loader.conf. Bila hiyo ping inapita vizuri huku TCP ya waliomo nyuma ya NAT ikikwama, nawe utaanza kulaumu kanuni zako za pf ambazo hazina kosa. Kitufe cha kubadili nenosiri kwenye paneli kisahau mpaka usakinishe qemu-guest-agent, programu inayopokea amri za paneli ndani ya mashine.

Tangu hapo mashine haijatikisika, na ukweli lazima niuseme: diski yao inakimbia kuliko nilikotoka. Nilikuwa nakaribia kuziongeza zile nyota mbili ziwe tatu. Kisha ikaja barua pepe: "Tatizo lako limetatuliwa. Umeridhika na huduma yetu?" Aliyelitatua nani? Basi hata ile ya diski naiondoa: imebaki nyota moja, na ni ya hali ya uokoaji.