Tathmini ya Raspberry Pi 4 kama seva ya tovuti kwenye faiba ya nyumbani

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miezi 14 sasa tovuti ya masomo ninayowaandalia wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne inaendeshwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 4, iliyowekwa juu ya kabati sebuleni kwangu, Dar es Salaam, na kuunganishwa kwa waya na ruta ya faiba. Kifaa chenyewe nakisifu bila kusita. Laini ya intaneti ndiyo inayotaka kuchunguzwa kabla mtu hajatoa fedha yake, kwa sababu vifurushi vya nyumbani hupangwa kwa ajili ya mtu anayepokea, ilhali kazi ya seva ni kutuma.

Nilipomaliza kuweka Nginx, programu inayowatumia wasomaji kurasa za tovuti, na kufungua kwenye ruta milango ya 80 na 443 ambayo maombi ya tovuti huingilia, tovuti ilifunguka ndani ya nyumba, lakini hakuna aliyeweza kuifikia kutoka nje. Nilihangaika siku mbili nikidhani nimekosea mipangilio, hadi nilipotazama anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho kwenye mtandao, ambayo ruta yangu ilikuwa imepewa na kuona kwamba inaanza na 100.72. Anwani zinazoanza na 100.64 hadi 100.127 zimetengewa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, utaratibu uliozaliwa na uhaba, kwani anwani za aina hii, ziitwazo IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mteja wa namna hiyo anaweza kutoka atakavyo, lakini mgeni hana pa kubisha hodi. Kampuni inayonihudumia ilikuwa tayari kunipa anwani ya umma isiyobadilika, ila kwa kifurushi cha biashara ambacho mshahara wangu haukukimudu.

Kilichonitoa hapo ni Cloudflare Tunnel, huduma ya kampuni ya Cloudflare ambayo tangu 2021 inapatikana bila malipo. Programu ndogo iitwayo cloudflared hukaa ndani ya Raspberry Pi na kuanzisha yenyewe muunganisho wa kwenda nje. Msomaji anapoiomba tovuti, ombi lake hufika kwanza kwenye mitambo ya Cloudflare, kisha hupitishwa katika muunganisho huo uliokwisha kufunguliwa kutoka ndani. Ruta haifunguliwi mlango wowote, na anwani ya nyumbani haionekani. Lakini HTTPS, usimbaji unaolinda mawasiliano ya msomaji, huishia kwenye mitambo hiyo, kwa hiyo Cloudflare ina uwezo wa kuona kila kinachopita. Kwa maelezo ya kanuni ya Ohm sioni tatizo. Kwa taarifa za wagonjwa nisingekubali kamwe.

Kifurushi changu hunipa Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 za kupakua na Mbps 10 za kupakia, na namba ya pili ndiyo inayomhusu mwenye seva. Kijitabu cha PDF cha MB 4 ni sawa na megabiti 32, hivyo wanafunzi 30 wakikichukua kwa pamoja kutoka sebuleni kwangu watasubiri zaidi ya dakika moja na nusu. Nilipopunguza ukubwa wa picha, kijitabu kikabaki na KB 600, na darasa zima linaweza kukipata chini ya sekunde 15. Ni kweli kwamba Cloudflare huhifadhi nakala za PDF na kunipunguzia mzigo, lakini mazoezi yanayosahihishwa papo kwa papo hayana nakala ya kuhifadhiwa. Hayo lazima yapite kwenye laini yangu kila mara.

Umeme haukunitisha kwa matumizi, kwani kwa wastani wa wati 5 kifaa hula uniti 3.6 tu za LUKU kwa mwezi. Kilichoniumiza ni kukatika kwake. Usiku mmoja umeme ulirudi, seva ikakataa kuwaka, kadi ya kumbukumbu ikiwa imeharibika pamoja na maswali ya majuma matatu niliyokuwa sijayatolea nakala. Tangu hapo mfumo wote unakaa kwenye diski ya SSD iliyochomekwa katika USB 3.0, nakala hutolewa kila usiku, na UPS ndogo, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, hubeba seva, ruta na kisanduku cha faiba. Hicho cha tatu wengi hukisahau, nacho kikizimika hivyo viwili vingine havina kazi.

Atakayetaka kujaribu asome kwanza mkataba wake ajue kama unaruhusu seva, kisha alinganishe anwani iliyo kwenye ruta na ile ambayo tovuti za nje zinaiona. Zikitofautiana, yuko nilipokuwa mimi. Uchunguzi huo hauchukui hata nusu saa, na unawezekana kabla ya kununua chochote.