Mbegu za hesperis: majani utakula, maua sahau

Kwa yeyote anayetaka kuagiza zile mbegu za hesperis zinazotangazwa mtandaoni eti maua ya kuliwa na yananukia usiku, soma hii kwanza, hasa kama uko Malindi kama mimi. Pakiti shilingi 450, ikaja na basi toka Nairobi, duka silitaji.

Mbegu zenyewe sina neno, ni nzima. Usizifukie tu manake zinataka mwanga ndo ziote, we zimwage juu ya udongo uzikandamize kidogo na kiganja, maji nyunyiza usimwage, halafu weka pahali jua la saa sita halifiki. Zangu karibu zote ziliota, na majani yakiwa machanga ni matamu jamani, yana ule ukali wa haradali, nkiyakatia kwenye kachumbari ya kulia samaki wageni wanauliza hii ni nini. Ni ukoo mmoja na sukuma wiki, ndo maana vidukari navyo vinajileta bila kualikwa.

Sasa maua, hapo ndo tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mmea huu ni wa miaka miwili, mwaka wa kwanza majani matupu, wa pili ndo unapanda juu karibu mita nzima na kutoa maua ya zambarau au meupe, petali nne nne, na harufu yake inazidi jua likizama. Lakini kabla ya hapo lazima upigwe na baridi ya wiki kadhaa, kwao Ulaya kuna winta. Malindi winta utaitoa wapi? Hata kusi likivuma Julai usiku bado ni digrii ishirini na kitu, feni inazunguka. Yangu imeingia mwaka wa pili imekaa chini vile vile, majani tele, ua hata moja hakuna, na kwenye pakiti hawakuandika chochote kuhusu baridi, wameweka tu picha ya bustani imejaa maua. Muuzaji nlipomuuliza akaniambia niongeze mbolea. Mbolea!

Kama shida yako ni harufu jioni, asumini ipo na haikudai baridi. Na ukitaka kitu cha mbegu, kinachonukia na kinachoingia kwenye chakula pia, panda mrehani, utakula na cha kutia kwenye kikuba kitabaki.

Nyota mbili, zote za majani. Walioko Limuru au Nyandarua jaribuni, nyie baridi mnayo.