Kuku gani umnunulie mtoto wa kupeleka maonyesho ya 4-H: nimewapanga kuanzia wa kwanza hadi wa kumkimbia

Huku Ohio, Marekani, ikifika mwezi wa pili, wa tatu hivi, maduka ya vyakula vya mifugo yanaweka vifaranga kwenye mabeseni ya bati chini ya taa nyekundu, na mtoto akishaviona umekwisha, humtoi pale bila boksi mkononi. Mi ndo nilivyoingia hivyo. Binti yangu alikuwa na miaka 9, ndo kwanza kajiunga klabu ya 4-H (hii 4-H yenyewe ni klabu za watoto na vijana za kujifunza ufugaji na kazi nyingine za mikono, ilianzia hapahapa Ohio mwaka 1902 kwa hiyo maonyesho ya kaunti huku ni kama sikukuu), nikamnunulia sita, kibao kimeandikwa Americana, watataga mayai ya bluu. Mwezi wa saba jaji kamgeuza kuku wetu, kamwangalia kwa upole kabisa, akasema huyu ni chotara, hana daraja la kushindania. Kumbe mbegu yenyewe inaandikwa Ameraucana, ilikubaliwa na chama cha kuku cha Marekani mwaka 1984, na wale wa dukani wengi ni mchanganyiko tu waliopewa jina la kufanana. Mayai ya bluu tulikula lakini.

Sasa kabla hujatoa hela elewa kwamba mashindano ni mawili. La kwanza ni la kuku, anapimwa na kitabu cha viwango ambacho hicho chama, APA, kilianza kukitoa 1874, kina uzito, rangi, umbo la upanga wa kichwani, hata idadi ya vidole. La pili ni la mtoto mwenyewe, yeye anamtoa kuku kwenye kizimba kichwa kikitangulia, anamkunjua bawa, anaonyesha manyoya ya chini na mfupa wa kidari, huku jaji anamuuliza maswali, na kuku hatakiwi kuleta vurugu. Mtoto anayeanza ushindi wake uko huku kwenye la pili, kwa hiyo mi orodha yangu nimeipanga kwa mikono ya mtoto, sio kwa uzuri wa kuku. Wengine watabisha, sawa.

1. Cochin bantamu. Huyu ndo namba moja bila kufikiria sana. Bantamu ni kuku mdogo, jogoo wake hata kilo moja hafiki, kajaa manyoya mpaka kwenye vidole, kama mpira uliovaa soksi. Mpole mpaka unashangaa, mtoto anamweka kifuani anasinzia. Shida yake ni hayo manyoya ya miguu, ukimwacha kwenye tope yanakatika na kuchafuka na huwezi kuyarudisha wiki ya maonyesho, kwa hiyo anakaa kwenye maranda ya mbao yaliyo makavu, yabadilishwe kila yakilowa, na hiyo ni kazi ya mtoto sio yako. Halafu usinunue mweupe mwaka wa kwanza. Sisi tulinunua weupe.

2. Buff Orpington. Kama mtoto kashafika miaka 12 hivi na ana nguvu. Ana rangi ya dhahabu, katulia, anataga, na majirani wakimwona wanamuelewa kuwa ni kuku. Uzito wa kiwango jogoo ni paundi 10, tetea 8, yaani kilo tatu na nusu na zaidi, sasa mtoto wa miaka 8 amshike kwa dakika kumi mkono umenyooka, hapana, utamuonea. Kingine anachelewa kukomaa. Kifaranga cha mwezi wa nne hakiwezi kuwa tayari mwezi wa saba, kitafika pale kimejaa manyoya machanga yanayochipua na jaji hana cha kuangalia. Uwe naye Januari au ununue aliyekwisha kuwa mkubwa.

3. Silkie. Najua, najua, ndo mtoto anayemtaka. Manyoya kama pamba, vidole vitano, ngozi nyeusi mpaka mifupa. Nilimtumia bibi yake picha WhatsApp akauliza huyo kuku au sungura, nilivyomwambia na nyama ni nyeusi akasema huyo angefika kijijini kwetu watu wangesema katoroka kwa mganga. Sisi tumezoea kishingo tunaona ndo maajabu, kumbe bado.

Mpole ni mpole kama Cochin, lakini nimemshusha kwa sababu tatu. Manyoya yake hayazuii maji, mvua kidogo tu kalowa mpaka kwenye ngozi. Jinsia hujui mpaka miezi mingi ipite, ukinunua watatu ukategemea matetea unaweza kuamka siku moja wote wanawika, na miji mingi hairuhusu majogoo, uliza manispaa yako kwanza. Na anapenda kuatamia, akilalia mayai anajiachia, anakonda, manyoya yanachakaa, na maonyesho ndo yanakuja.

4. Old English Game bantamu. Kidogo cha gramu 680 hivi kwa jogoo, kinasimama kama askari. Ukimjua kuchi wa kwetu mrefu, huyu ni ule ujeuri umefinywa ukaingia kwenye kikombe. Kwenye maonyesho wako wengi sana kwa hiyo ushindani ni mkali, ila mkononi mwa mtoto mdogo anakaa vizuri akizoeshwa kila siku. Mchukulie tetea. Majogoo wakubwa wa mbegu hii kwa desturi hukatwa upanga na ndevu ndo washindane, na hilo sio jambo la kumpa mtoto mwaka wa kwanza.

5. Plymouth Rock wa mistari. Yumo kwenye kitabu tangu toleo la kwanza 1874, mtulivu, anavumilia baridi japo upanga wake ulionyooka unaweza kuungua na barafu. Tatizo ni moja, yule wa dukani mistari yake imefifia na imepinda na wa mfugaji wa maonyesho mistari imenyooka kama imepigwa rula, ukiwaweka pamoja mtoto mwenyewe atanyamaza.

Leghorn mwache, mayai anayo ila akiguswa yuko juu ya kabati. Polish mwenye shungi kubwa haoni vizuri anashtuka na kila kitu. Na wale mahaibridi wa mayai, sijui Golden Comet, sijui nini, ni kuku wazuri wa nyumbani lakini kwenye daraja la mbegu hawana nafasi, yatawakuta yale yaliyotukuta.

Kununua, nenda kwa mfugaji, sio dukani. Mwezi wa kumi na moja kuna maonyesho makubwa Columbus yanaitwa Ohio National, wafugaji wanauza palepale, bei inaweza kuwa mara kumi ya kifaranga cha duka lakini unamuona kuku mzima. Mgeuze. Mdomo usiwe umepinda, vidole vimenyooka, mkia hauangukii upande mmoja, miguu ya mbegu isiyo na manyoya isiwe hata na kijinyoya kimoja kimechomoza, na pekua manyoya karibu na mkundu uone kama kuna chawa au utitiri. Dai karatasi ya NPIP, huo ni mpango wa serikali wa tangu 1935 wa kupima magonjwa kama pullorum, bila hiyo au kipimo kingine wanachokubali mnaweza kurudishwa getini. Na mwambie mtoto mapema kwamba mafua ya ndege yakiingia yote yanaweza kufutwa, mwaka 2015 Ohio walizuia maonyesho ya ndege jimbo zima, watoto walikuwa wameshafuga miezi.

Kuoga ni siku mbili tatu kabla: ndoo ya sabuni ya vyombo, ndoo ya maji yenye siki kidogo, ndoo ya maji safi, halafu draya. Wale Cochin wetu weupe waliogeshwa mara mbili, na asubuhi ya maonyesho mmoja akaenda kukaa kwenye kinyesi chake. Mtoto anawe mikono kila akitoka kwao, na asiwabusu, salmonela haina utani.

Wa mwisho kabisa nimemuweka broila wa Cornish, sio kwamba ni mbaya, kwa hela ndo huyohuyo, wiki sita hadi nane mtoto anapeleka watatu wanaofanana na kwenye mnada wa maonyesho watu wa mtaani wananunua kwa bei ya kumtia moyo. Ila baada ya mnada harudi nyumbani. Binti yangu alikuwa ameshawapa majina. Mwaka wa kwanza mpeleke tu akakae kwenye mnada wa wenzake mpaka mwisho, akirudi bado anataka, mnunulie.