Baruti na vichwa vya risasi za masafa marefu kwa semi otomatiki: nianze kununua ipi?

Mtu akishaanza kujaza risasi zake mwenyewe swali la kwanza huwa ni kichwa gani kinaruka mbali zaidi, na mi naomba hilo swali likae pembeni kidogo, kwa sababu kwenye semi otomatiki, yaani bunduki inayojilisha yenyewe kila ukipiga, mwenye kuchagua wa kwanza si wewe, ni bunduki. Bunduki ya bolti (bolti ni kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) haina maneno mengi, unafungua na kufunga kwa mkono wako, ukitaka risasi ndefu unaingiza moja moja na maisha yanaendelea. Semi otomatiki inaendeshwa na gesi ya baruti yako na inalishwa na magazini yenye urefu wake usiobadilika, kwa hiyo kila unachonunua lazima kipite kwanza kwenye hayo mambo mawili, gesi na magazini, halafu ndo tuzungumzie kuruka mbali. Nimeona watu wana makopo mazima ya baruti nzuri sana ambayo bunduki yao haiitaki, yamekaa tu kabatini.

Kabla sijaendelea: hapa napanga vya kununua tu. Vipimo vya baruti chukua kwenye kitabu au tovuti ya mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, anza na kipimo cha chini, panda taratibu. Na hakikisha sheria ya nchi yako inakuruhusu kujaza risasi, kuna nchi zinataka leseni yake peke yake.

Tuanze na baruti maana ndo watu wanakosea zaidi. Juu ya mtutu kuna kitundu kinachochukua gesi kidogo kurudisha bolti nyuma. Baruti inayoungua polepole sana inafika pale kwenye kitundu presha yake ikiwa bado kubwa, bolti inasukumwa kwa nguvu na inaanza kufunguka mapema, wakati ganda bado limebana kwenye chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ukitaka kujua kama yako inafanya hivyo okota ganda lililotoka ulitazame kitako chake kwenye mwanga. Ukiona kuna alama ya duara inayong'aa, na pembeni yake shaba imeburuzwa kama imepakwa na kidole, na ukingo wa kitako umeng'atwa na kuvutwa nje kidogo, hiyo ni bunduki inalia. Kwenye M1 Garand, zile bunduki za zamani za jeshi la Marekani, ni mbaya zaidi, ile fimbo ndefu inayosukuma bolti inaweza kupinda kabisa ukiilisha baruti ya polepole kupita ilivyotengenezewa, ndo maana risasi zake za jeshi zilikuwa zinajazwa IMR 4895, baruti ya kasi ya kati.

Kwa hiyo kwa .308 na .223, yaani kaliba mbili ambazo wengi wetu tunazo kwenye semi otomatiki, tunatafuta baruti ya kasi ya kati isiyoyumba na joto. Hilo la joto lisikupite. Semi otomatiki unapiga kumi haraka chemba inakuwa ya moto, risasi ya kumi na moja ikikaa mle ndani huku we bado unasoma upepo, baruti yake inapata moto taratibu. Baruti inayoyumba na joto itakupa presha na kasi tofauti na risasi ya kwanza, na kwenye mita 800 tofauti ya kasi inaonekana kwenye shabaha kama kupanda na kushuka ambako utailaumu darubini bure.

Namba moja kwangu ni Varget. Inatulia kwenye joto na baridi, inafaa .308 na inafaa .223 yenye vichwa vizito, kopo moja linahudumia bunduki mbili. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaitaka, ikifika inaisha, na punje zake ni vijiti kwa hiyo kwenye ganda dogo la .223 linajaa hadi shingoni na faneli inakwama kwama.

Namba mbili IMR 4064. Hii ni ya kale na wapigaji wa mashindano wanaipenda kwa sababu inasamehe, ukipitiliza kidogo au ukipungukiwa kidogo risasi bado zinaenda sehemu ileile. Risasi ya jeshi la Marekani inayoitwa Mk 316, ya walenga shabaha wa masafa marefu, imejazwa hii hii pamoja na kichwa cha kampuni ya Sierra cha greni 175 (greni ni kipimo cha uzito wa vichwa na baruti). Kwanini basi si namba moja? Vijiti vyake ni virefu, kwenye mashine ya kupimia unasikia kabisa vinakatika krik krik, na kipimo kinaruka juu chini. Ukiwa na mizani ya umeme inayomimina yenyewe hilo halikuhusu, na kwako ipande iwe ya kwanza.

Tatu naweka H4895 na IMR 8208 XBR pamoja, zote zinaungua haraka kidogo kuliko Varget, kwa hiyo presha kwenye kitundu cha gesi inakuwa ya upole, na bunduki yenye mtutu mfupi au mfumo mfupi wa gesi inazipenda. 8208 punje zake ni ndogondogo zinatiririka vizuri, kwa .223 mi ningeiweka hata juu ya Varget. Vihtavuori N140 kutoka Finland ni ya kiwango hicho pia, inaungua safi, kama inapatikana ulipo nunua bila kusita.

Reloder 15 nimeishusha hadi ya nne, japo ni baruti yenye historia, ndo iliyokuwa kwenye risasi za jeshi za M118LR za .308, ila inayumba na joto kuliko hizo za juu. Ukipiga siku zote kwenye hali ya hewa inayofanana haitakusumbua.

Za mwisho ni za punje duara, CFE 223, TAC, BL-C(2) na wenzake. Hizi zinamiminika kama maji, kipimo hakiyumbi, kwa kupiga mazoezi ya mita 200 au 300 zinatosha na zinabaki. Ila kwa masafa marefu nyingi zinabadilika na joto zaidi ya za vijiti, na mi sipendi kujifunza upepo kwa risasi ambayo yenyewe inabadilika.

Kaliba ya 6.5 Creedmoor ina habari yake. Ilitoka 2007 na ilifikiriwa tangu mwanzo kubeba vichwa virefu ndani ya magazini fupi, na baruti yake ya nyumbani ni H4350 ambayo ni ya polepole kuliko zote nilizotaja. Hapo ukiwa na semi otomatiki hakikisha mrija wa gesi ni mrefu na kizuizi cha gesi kinarekebishika, funga gesi hadi bunduki ianze kushindwa kushika bolti nyuma kwenye risasi ya mwisho halafu fungua kidogo. Ukikosa H4350 tafuta Reloder 16, nayo inavumilia joto.

Kitu kimoja cha kuua mtu, majina. H4895 na IMR 4895 si baruti moja. H4350 na IMR 4350 si baruti moja. Namba zinafanana, vipimo havifanani, na kitabu kinaziandika mstari mmoja juu ya mwingine, macho yakichoka unasoma ya jirani. Mezani kwangu linakaa kopo moja tu kwa wakati mmoja, mengine yote yako kabatini yamefungwa, na baruti inayobaki kwenye mashine inarudi kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Baruti usiyoikumbuka ni ipi usiikisie kwa rangi wala kwa punje, haribu.

Kununua: anza na kopo la pauni moja, hiyo ni greni 7000, gawanya kwa kipimo cha kitabu chako utajua inatoa risasi ngapi. Ikikubali ndo nunua lile la pauni nane, na liwe la loti moja, yaani baruti iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu loti mpya hata ya baruti ileile inaweza kukupa kasi tofauti na itabidi urudi chini uanze kupanda upya.

Sasa vichwa, na hapa ndo magazini inaingia. Magazini ya AR-15, ile semi otomatiki ya .223, inabeba risasi yenye urefu wa inchi 2.26 hivi, karibu milimita 57. Za AR-10, kaka yake wa .308, ni kama inchi 2.8, milimita 71. Kichwa kirefu chembamba kinachokata hewa vizuri kikiwa hakitoshei, utalazimika kukizamisha ndani ya ganda mpaka kile kilichochongoka kinaingia shingoni, na hapo umeshaharibu kila kitu.

Mfano mzuri ni watengenezaji wa vichwa Hornady wenyewe. ELD Match yao ya greni 75 kwa .224 (ndo kipenyo halisi cha kichwa cha .223) ni ndefu mno kwa magazini ya AR-15, inataka kuingizwa moja moja. Wakatoa ya greni 73 inayotoshea. Mtu anaona 75 na 73 anafikiri ni tofauti ndogo, anachukua nzito, anafika nyumbani haziingii. Na kuna 75 nyingine ya Hornady, ya tundu mdomoni isiyo na ncha ya plastiki, hiyo inaingia vizuri. Kwa hiyo soma boksi lote, si uzito peke yake.

Kwa .223 namba moja bado ni Sierra MatchKing ya greni 77. Inatoshea magazini, haichagui sana umbali kati ya kichwa na mifereji ya mtutu, na ndo kichwa cha Mk 262 ya jeshi. Inataka mtutu ambao mifereji yake inazunguka mara moja kila inchi 8 au kwa haraka zaidi, mwenye 1:9, yaani inchi 9, asijaribu bahati. Ya pili ELD Match 73, ya tatu ile 75 ya tundu. Za greni 80 na 90 ni kwa wale wa kuingiza moja moja kwenye mashindano, zinapiga vizuri sana ila si za magazini.

Kwa .308 namba moja ni MatchKing 175. Watu wananiambia mbona 168 ndo maarufu, ni kweli, na hadi mita 600 ni kichwa kitamu sana, lakini nyuma yake imekatwa kwa pembe kali ya nyuzi 13, ikishuka karibu na kasi ya sauti inaanza kuyumba, na kwenye .308 hilo linatokea pale pale unapotaka kupiga mbali, mita 800, 900. Ile 175 nyuma yake ni nyuzi 9, inapita pale kwa utulivu. BC yake, yaani uwezo wa kukata hewa, ni .505 na ya 168 ni .462, ila hiyo pembe mi naiona ina uzito kuliko hizo namba.

Ya pili ELD Match 178, BC .547. Hornady walibadilisha plastiki ya ncha mwaka 2015 baada ya kuona kwa rada kwamba ncha za zamani zinalainika kwa joto la hewa. Inapiga mbali kuliko Sierra kwa karatasi, ila ni ndefu na inachagua zaidi inavyokaa. Kichwa cha kampuni ya Berger, OTM Tactical 175, kimetengenezwa kwa urefu wa magazini, ningekiweka sawa na hicho, na Scenar ya kampuni ya Lapua ni ya uhakika sana boksi kwa boksi.

6.5 chukua ELD Match 140, BC .646, au Berger Hybrid 140. Ile 147 ina .697 inavutia, ila kwenye semi otomatiki kasi inashuka na faida unaipoteza.

Jambo la mwisho kwenye vichwa ni kukaa imara. Bolti inapokimbia mbele inaitupa risasi kwenye chemba kisha inasimama ghafla, kichwa kinataka kuendelea na safari. Niliwahi kujaza risasi ishirini nzuri, nikapima urefu wa moja kwa kalipa, nikaiacha bolti iilishe kutoka magazini, nikaitoa bila kupiga nikapima tena, imerefuka. Nikairudisha, ikarefuka tena. Shingo za maganda zilikuwa zimelegea. Nikabadilisha kipande kinachobana shingo ndani ya dai, kile chombo cha kurudisha umbo la ganda, nikapata cha kubana zaidi kidogo, namba ikasimama palepale. Fanya hilo jaribio kabla hujajaza mia, tena na mtutu ukiwa umeelekezwa pazuri maana hiyo ni risasi ya kweli.

Na praima, kile kifuko kidogo kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, kwa kuwa kipini kinachoigonga kwenye AR, M1A (semi otomatiki ya .308) na Garand kinaelea na kinagusa praima kidogo kila bolti inapofunga, nunua zilizotengenezwa zisiwe nyepesi kulipuka: CCI 41 kwa ndogo, CCI 34 kwa kubwa. Hakikisha imezama chini ya kitako, pitisha kidole kila moja.

Vichwa usinunue 500 mara ya kwanza. Chukua boksi la mia la chaguo la kwanza na mia la chaguo la pili, baruti moja, maganda ya aina moja, upige tano tano kwa kupokezana siku moja ileile. Bunduki itakuambia boksi gani la 500 uagize.