Kuprinti ramani za darasani Dodoma: kazi safi, ila dogo wa kompyuta ana madaraka mengi

Nafundisha Historia kidato cha tano na sita hapa mjini. Miezi miwili iliyopita nilipeleka ramani mbili kwenye duka moja la uchapaji, si mbali na Nyerere Square: Ulaya ya 1815, na Afrika Mashariki ya Mjerumani, 1914. Nilitaka turubai zenye matundu ya chuma pembeni, za kutundika ukutani. Elfu arobaini zote mbili, baada ya kubembeleza sana.

Turubai ni zito, halijikunji kama yale ya kampeni, na vumbi letu la mwezi wa nane linatoka kwa kitambaa kibichi. Jua la saa tisa linaupiga ule ukuta kila siku na wino bado haujapauka. Maandishi nayasoma toka dawati la nyuma bila miwani.

Shida ni dogo anayekaa kwenye kompyuta. Ana huruma kupita kiasi. Ubelgiji na Uholanzi kwenye ramani yangu zina rangi moja, maana kule Vienna washindi wa Napoleon waliziunganisha chini ya mfalme mmoja, William wa Kwanza, wamzibie Mfaransa njia ya kaskazini. Dogo akadhani rangi imemwagika. "Mwalimu, nimekurekebishia," na mstari mweusi ameshauchora! Wabelgiji waliusubiri mstari huo miaka 15, wakaingia barabarani 1830 kuutafuta. Yeye kaupata kabla chai yake haijapoa.

Ya pili nilicheka. Kusini ya mdomo wa mto Ruvuma kuna kipembe cha ardhi kinaitwa Kionga, na 1914 kilikuwa cha Mjerumani. Dogo kakikata, mpaka ufuate mto, "ukae vizuri." Wakubwa nao walifanya hivyohivyo: Mreno alikiteka 1916, na kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakamwachia. Sasa mimi naomba ramani ya kabla ya vita, napewa ya baada. Tena nusunusu, maana Rwanda na Burundi kamwachia Mjerumani, hajampa Mbelgiji wake.

Kuchapa upya walinitoza elfu kumi. Hapo niliudhika, kosa si langu.

Zile mbovu sikuzitupa. Nimezitundika kando ya nzuri, wanafunzi watafute tofauti, na kipindi kimechangamka kuliko mwaka jana. Tulipofika kwa wafalme waliorudishwa nikawasimulia Louis wa 18 wa Ufaransa: kaletwa 1814, Machi 1815 kakimbia Napoleon aliporudi, Julai kaletwa tena. Wakacheka. Nikawaambia wasiende mbali, Iringa hapo Waingereza walimrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, kwenye uchifu wa Wahehe. Na mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ulimtaka Mjerumani alete fuvu la Mkwawa, chifu aliyempiga vita, ndani ya miezi sita. Lilifika 1954. Binti mmoja wa Kalenga, kwao Mkwawa, akauliza, "Mwalimu, fuvu la babu liliandikwa karatasi moja na mipaka?" Nikamwambia ndiyo, moja. Hakuuliza tena.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda, vuta kiti ukae ubavuni kwa dogo mpaka abonyeze kuprinti, na bei ya marekebisho mkubaliane kabla hujatoa hela.