Bangaloo za Raskazone: ya mbele lala, za nyuma pita

Wanaoulizia pa kulala Tanga mjini, kuna gesti moja Raskazone getini wameandika BANGALOO kwa rangi ya kijani, jina silitaji maana nina ya kusifia na ya kulaumu. Ukienda omba nyumba ya mbele, ile kongwe. Za nyuma achana nazo.

Ya mbele wenyewe wanasema alikuwa anakaa meneja wa shamba la mkonge, enzi zile mkonge ndo Tanga yenyewe (mbegu aliileta Mjerumani Hindorf 1893, wengi hawajui hili). Ghorofa hamna, bati limeshuka chini mpaka ukinyoosha mkono unaligusa, baraza pana limezunguka pande tatu. Saa nane mchana jua la Tanga lile la kugandisha shati mgongoni, ukikaa barazani huna habari, ukuta haupigwi na jua kabisa sababu paa limetokeza mbele. Dari liko juu sana, na juu ya kila mlango kuna matundu ya mbao ya kupitisha hewa. Umeme ulikatika usiku, feni ikazima, na nikalala vizuri tu.

Sasa wenye biashara wasikie, bangaloo sio kijumba chochote cha kusimama peke yake. Waingereza hilo neno hawakulitunga, wamelitoa India, bangla, yaani nyumba ya Kibengali. Kule Bengal watu walikuwa wanajenga nyumba za chini za kuezeka nyasi, paa limepinda kama ngalawa iliyofudikizwa ili mvua iteleze isituame. Watu wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, walivyofika karne ya 17 wakaona hii ndo dawa ya joto wakaichukua, wakaitanua, baraza likawa kubwa zaidi, na baadae wakawa wanazijenga hata njiani kwa ajili ya wasafiri, zikaitwa dak bangla, dak ni posta, kwahiyo gesti tu kwa lugha yetu. Mpaka Uingereza kwenyewe na baridi lao, miaka ya 1870 wakazijenga pwani ya Kent, matajiri waende kupunga upepo.

Kwahiyo ukiondoa baraza na paa la kutokeza hapo umebaki na chumba tu ndugu yangu.

Na vyumba ndo vilivyo kule nyuma. Tofali za saruji, paa la kuficha, madirisha ya alumini, mlangoni kigae cha kuteleza basi, hata pa kuweka kiti hamna. Jua la jioni linapiga ukuta wote na saa nne usiku ukiushika bado wa moto. AC ipo ila umeme ukikatika jenereta yao inawasha taa tu. Halafu ndo vya bei! Nyuma elfu sitini, mbele elfu arobaini na tano. Nikamuuliza dada wa mapokezi inakuwaje, akacheka, "kaka, wageni wanapenda vipya." Haya.

Chai ya asubuhi wanakuletea barazani, chapati, maharage ya nazi, machungwa ya Muheza. Maharage yale nazi imekamuliwa kweli, tui zito limepanda juu na pilipili mbuzi moja nzima inaelea, nimeomba ya kuongeza na hawakuninunia.

Kasoro za nyumba ya mbele zipo. Darini kuna popo, alfajiri wanaporudi utawasikia wanakwaruza, mwenye moyo mwepesi asilale peke yake. Jioni mbu barazani ni balaa, neti iko chumbani ila imetoboka upande wa miguu. Maji ya moto hamna, ila kwa Tanga sio neno.

Kutoka stendi ya Kange unachukua bajaji moja kwa moja, patana kabla hujapanda. Na ukipiga simu kubuku taja kabisa "nyumba ya mbele, upande wa bahari", usiposema watakuweka nyuma.