Pilates ya mtandaoni kwa wenye viungo vilegevu: bega limetoka, mwalimu akanizimia maiki

Naandika hii nikiwa bado na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nilijiunga na programu moja ya mtandaoni ya Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kujenga misuli na kuudhibiti mwili, inayojinadi kuwa ni ya watu wenye ulegevu wa viungo, yaani sisi ambao goti linapinda kwenda nyuma, kidole gumba kinalala kwenye mkono, bega linachomoka kwa kuvaa koti tu. Si Pilates ya kila mtu, wao wenyewe wameandika kwa herufi kubwa kwamba hii ni kwa ajili yetu, na ndo maana nimechukia hivi. Lingekuwa darasa la kawaida ningesema sawa, hawatujui hawa, nitajilinda mwenyewe kama siku zote.

Kabla ya kuanza wanakupa fomu ndefu ya kujaza. Ile fomu ilinifurahisha sana jamani. Wanauliza kama una Ehlers-Danlos, ugonjwa wa kurithi unaolegeza viungo, au ule ulegevu mwingine wanaouita HSD, maana tangu 2017 madaktari wana vigezo vipya na hayo mawili yana majina tofauti, wanauliza alama zako za Beighton, kile kipimo cha viungo vinapinda kiasi gani, ni ngapi kati ya 9, viungo gani vinateguka, moyo unaenda mbio ukisimama au hauendi. Mtu anayeuliza maswali kama hayo unajua amesoma. Nikajaza kila kitu, bega la kushoto nikalielezea kwa urefu, kwamba linatoka kirahisi nikiweka uzito kwenye mkono kwa sababu kiwiko nacho kinapitiliza, na kwamba sitakiwi kuning'inia kwenye mkono ulionyooka. Nimeandika hayo maneno kabisa. Kumbukeni hilo.

Sasa njoo kwenye somo la laivu. Mwanzo ulikuwa mzuri tu, pumzi, kiuno, nyonga, sina neno. Tukafika kwenye ile ya kukaa umekunja miguu upande, mkono mmoja umeegemea mkekani na mwingine unapita juu ya kichwa kwenda upande wa pili, wengine wanaiita nguva. Mtu mwenye viungo vya kawaida akifanya hiyo kuna mahali mwili wenyewe unamwambia basi, inatosha. Mi hapo mahali sina. Kiwiko changu kilikuwa kimeshapinda upande usiotakiwa, bega limepanda hadi karibu na sikio, misuli imelala kabisa na uzito wote umebebwa na kano. Mtu yeyote anayejua ulegevu wa viungo akiona kile kiwiko tu angesema dada simama, kunja kiwiko kidogo, sukuma mkeka, rudi nusu.

Huyu mwalimu aliona uzuri. Akaniweka mimi peke yangu kwenye skrini nzima darasa lote linione, akasema, "Jamani mnamwona huyu dada? Huu ndo mwili tunaoutafuta. Dada nenda zaidi, bado una nafasi."

Bado una nafasi! Unamwambia mtu mwenye ugonjwa wa viungo kupitiliza kwamba bado ana nafasi. Nafasi ndo ugonjwa wenyewe! Nafasi ninayo siku zote, ninayo ya kwenda mpaka kiungo kitoke kwenye shimo lake, na ndicho kilichotokea. Haikuwa kelele kubwa, ni "ko" fulani ndogo, afu ubaridi ukashuka mkono mzima mpaka kwenye vidole viwili vya mwisho, vikafa ganzi. Nikasema, "Mwalimu samahani, bega limetoka." Akanijibu bila hata kusogea kwenye kamera, "Hapana dada, hiyo ni misuli inaachia, usiiogope, pumua nayo." Nikasema si misuli, limetoka, naomba nisimame. Na hapo ndo nikaona kile kialama cha maiki upande wangu kimekatwa mstari mwekundu. Alinizima. Mtu anasema kiungo kimetoka na jibu lako ni kumzima maiki, afu unaendelea na sauti ile ile laini, "haya wapendwa, tunabadilisha upande."

Na picha yangu ilikuwa bado imejaa kwenye skrini, nimeushika mkono kwa mkono, natafuta namna ya kulala ili bega lirudi taratibu. Kuna mshiriki mmoja aliandika kwenye chati "mwangalieni huyo ameumia". Simjui, hatujawahi kuongea, ila namshukuru sana popote alipo. Mwalimu chati hakusoma. Nikatoka mwenyewe.

Nataka watu waelewe kwa nini hili si jambo dogo, na kwa nini sipendi kuambiwa nimekuza mambo. Sisi tumesifiwa kwa huu ulegevu tangu utotoni. Ulikuwa unaitwa onyesha wageni vidole vinavyogeuka, unapiga msamba, watu wanapiga makofi, ukikua maumivu yanaanza na unaambiwa unajidekeza mbona ulikuwa mwepesi hivyo. Kolajeni yetu, ile protini inayoshikilia mwili, ndo yenye shida kwa wengi wetu, kano hazishiki kiungo inavyotakiwa, ni lastiki iliyochoka, ukiivuta haikatiki ila hairudi. Na kuna kingine ambacho watu wengi hawakijui, ile hisia ya kujua kiungo kiko wapi bila kukiangalia kwa wengi wetu iko chini. Naweza kuapa mkono wangu umenyooka kawaida kumbe umeshapitiliza. Kwa hiyo ninapomlipa mtu aniangalie kwenye kamera nalipia macho yake. Nyimbo laini na mshumaa wala havinihusu, nataka macho. Na huyu macho alikuwa nayo, aliyaelekeza kwangu kuliko mtu yeyote darasani, na bado.

Mpaka hapa nilikuwa nimeshaamua ni nyota moja na nafunga mjadala. Ila siwezi kuwa muongo, na hiki kinachofuata kinaniuma kukiandika kwa sababu ni hao hao.

Kwenye programu hiyo hiyo kuna masomo yaliyorekodiwa ya mama mmoja mtu mzima, anaongea polepole, hana madoido yoyote. Yule mama anajua. Somo lake la kwanza karibu lote umelala chali na nyayo umezikandamiza ukutani, na kazi yako ni kusukuma ukuta kidogo tu, kidogo kabisa, huku mkono wako mwenyewe umeushika nyuma ya goti ili uhisi goti likitaka kuteleza kwenda nyuma. Kila mara anasema simama kabla ya mwisho, mwisho wako si wa kuuamini. Ukutani unapata jibu, mguu unajua uko wapi kwa sababu kuna kitu kinausukuma, na hiyo ndo hisia tunayokosa. Anakuambia tumia vioo, tumia taulo, tumia ukuta, gusa msuli kwa vidole ujue umeamka au umelala. Harakati zake hazizidi urefu wa kiganja. Ukitazama unaweza kusema huyu hafanyi mazoezi, kesho yake ndo unajua misuli ya nyonga ilikuwa inafanya nini.

Na anaanzia chini kwa sababu. Wengi wetu tuna ile shida ya moyo kupaa ukisimama, ile POTS, kwa mtu mzima mapigo yanaongezeka 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama bila presha kushuka ya maana, sasa mtu kama huyo ukimwanzishia mazoezi ya kurukaruka unamwangusha. Pilates inakupa kulala, kukaa, kupiga magoti, baadaye sana ndo kusimama. Joseph Pilates mwenyewe inasimuliwa alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, ana pumu na matege. Kwa hiyo mi siamini kabisa kwamba haya mazoezi ni ya watu wa kupiga msamba, yanatufaa sisi tena pengine kuliko watu wengi, yakifundishwa na mtu anayejua tunachohitaji ni kushikilia, kuvutwa hatuhitaji.

Kwa masomo ya yule mama napanda ngazi na goti halirudi nyuma. Naosha nywele mikono ikiwa juu bila kupumzika katikati. Mtu asiye na hii hali atasema ni vitu vidogo hivyo, sawa, mi nilikaa miaka sivifanyi bila kulipia kwa maumivu. Kwa hiyo nikapandisha mpaka nyota nne, kweli nilishaandika nne.

Afu wakanijibu malalamiko yangu.

Wameandika, "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tunawakumbusha washiriki wote kwamba kila mmoja anawajibika kusikiliza mwili wake." Nimeisoma hiyo nikatetemeka. Nisikilize mwili wangu? Niliusikiliza! Niliusikiliza nikasema kwa mdomo wangu, kwa adabu, tena nikianza na samahani, kwamba bega limetoka, afu mfanyakazi wenu akanizimia maiki! Sasa nani ambaye hakusikiliza hapa? Mwili wangu ulisema, mimi nikasema, mshiriki mwenzangu akaandika, na fomu yenu ilikuwa imeshasema hata kabla ya siku yenyewe kufika. Sauti zote hizo, na mnaniambia nisikilize.

Nikawauliza swali moja tu, ile fomu nani aliisoma? Mwalimu wa laivu anaiona au haioni? Kwa sababu kama haioni basi msiwaulize watu magonjwa yao kwa mapambo, mnatupa imani ambayo hamna haki ya kutupa, mtu anaingia darasani amejiachia akijua anajulikana. Mi nisingeegemea ule mkono kwenye darasa la watu nisiowajua, niliegemea kwa sababu niliandika na nikaamini.

Mtaalamu wangu wa fizio amesema bega limevimba ndani ila halijachanika, mkono kwenye kombeo kwa muda, kurudi taratibu. Amenikataza kila kitu cha kuegemea mkono. Nilipomwonyesha video za yule mama aliziangalia mpaka mwisho akasema hizi endelea nazo, hizi ni salama, ruka tu zile za mikono. Ona sasa. Kitu kimoja, usajili mmoja, nusu yake inanijenga na nusu yake imenitegua.

Kwa hiyo anayeniuliza ajiunge au asijiunge nashindwa kumjibu neno moja. Masomo ya yule mama nayapa tano na ningetaka kila mwenye hali yetu ayapate. Laivu sigusi tena, na wewe kama utaingia basi usiingie peke yako chumbani, na ukiambiwa bado una nafasi rudi nyuma hapo hapo, usimwonee aibu mtu. Jumla nimeweka mbili. Hapana, nimeisoma tena ile meseji yao, nimeshusha mpaka moja. Swali langu la fomu mpaka naandika hapa hawajalijibu, siku watakayolijibu nitakuja kubadilisha.